Tuliwasalimia maiti wa Tongoni, tukamsahau aliye hai Pangani

Sisi wakazi wa Sakina tumezoea kuona watu wakisafiri. Barabara ya Namanga imepita mlangoni petu, na tangu alfajiri hadi usiku yanapita magari yaliyojaa wageni waliovuka bahari ili wautazame Mlima Meru, ambao sisi huuona bure kila tutokapo kuswali Alfajiri, mawingu yakiruhusu. Lakini mtu akituuliza ni lini tuliposafiri kwa ajili ya kutazama tu, tutanyamaza. Safari zetu ni za msiba, za harusi, za kuuguza na za kupeleka mtoto shule. Tunapanda basi, tunasinzia kabla ya Moshi na kuzinduka Segera.

Likizo ya Desemba iliyopita tuliazimia kuivunja ada hiyo. Tulikuwa watu sita: sisi tunaoandika haya, tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti wa mtaani, mama watoto, watoto wetu watatu, na mama yetu mzazi. Gari aina ya Noah tuliiazima kwa ndugu yetu wa safu ya mbele, kwa sharti la kuirudisha ikiwa imejazwa mafuta. Ratiba tuliiandika kama tunavyoandika ajenda za kikao: Makumbusho ya Azimio, Lushoto, Tanga, Tongoni, Pangani, kisha tupitie Saadani hadi Bagamoyo tuuone msikiti wa kale wa Kaole. Mwisho kabisa, kwa mazoea ya kalamu, tukaandika "Mengineyo."

Mama aliisoma ratiba ile kwa utulivu, akauliza jambo moja tu. "Pangani tutalala?"

"Tutapita tu, mama."

Akaikunja karatasi, akaturudishia.

Tulianza na lililo karibu. Wangapi miongoni mwetu tunaoishi Arusha tumeingia katika jengo lile la Kaloleni ambamo viongozi wa TANU walikaa Januari 1967 wakalipitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari? Sisi tulikuwa hatujaingia. Kijana wetu mkubwa alishangaa kuliona jengo lilivyo dogo. Alidhani jambo lililobadilisha mabenki, mashamba na shule za nchi nzima lilihitaji ukumbi mkubwa kuliko huo. Tulimwambia kwamba hata mambo ya msikiti huamuliwa na watu saba juu ya mkeka mmoja.

Tulipoipita Moshi, Kilimanjaro ilikuwa imejifunika, nasi hatukuinung'unikia. Kutoka Himo kwenda Mwanga na Same barabara inaambatana na milima ya Upare upande wa kushoto, na upande wa kulia nyika inatanda hadi jicho linachoka. Hapo ndipo tulipowaeleza watoto jambo ambalo nasi tuliwahi kulisoma bila kulizingatia. Vijito vinavyoteremka Meru huingia mto Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka bwawa lile hutoka mto Pangani, unaotambaa nyikani sambamba na barabara hii hadi baharini. Maji yanayopita nyuma ya nyumba zetu ndiyo yanayofika Pangani mjini.

"Basi maji yamefika kwao mara nyingi kuliko sisi," alisema mama kutoka kiti cha nyuma. Tulidhani anafanya mzaha.

Same tuliswali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kupunguza, kama sharia ilivyomkunjulia msafiri. Mombo tuliiacha barabara kuu tukaanza kupanda kwenda Lushoto, njia ya makona yasiyokwisha, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, maporomoko ya Soni yakinguruma katikati ya safari. Wajerumani waliupenda ubaridi wa mahali pale wakapaita Wilhelmstal. Jina lao limekwenda nao, na Wasambaa wamebaki na kabichi zao, pea zao na adhana zao zinazoitikiana kutoka kilima hadi kilima. Tulilala huko chini ya mablanketi mawili mawili.

Siku ya pili tuliteremka, tukapita Korogwe na Segera, tukaingia nchi ya katani. Zao hilo lina kisa chake. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yote yale tuliyoyapita, mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho, yalitokana na miche hiyo michache. Mwaka huohuo wa 1893 ndio ujenzi wa reli ulioanza Tanga kuelekea Usambara. Ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Muheza tulinunua machungwa, na magharibi tukawa Tanga, mji uliowasomesha dini walimu wetu wengi. Watoto walichokipenda zaidi ni habari ya vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi lilipopigwa na Wajerumani, na nyuki nao wakatoka mizingani wakawashambulia askari.

Siku ya tatu asubuhi tuliifuata barabara ya Pangani. Tulipita Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962, tukamwombea rehema. Kisha tukafika Tongoni.

Tongo ni mahali palipokaliwa na watu pakahamwa, na jina hilo linatosheleza. Zamani pakiitwa Mtangata. Karne ya 14 na ya 15 palikuwa na mji wa Waislamu wenye kufanya biashara ya bahari. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani hiyo, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka Bara Hindi, aliichoma moto mojawapo karibu na hapo, São Rafael, kwa kuwa mabaharia aliobaki nao hawakutosha kuziendesha zote. Leo pamebaki kuta za msikiti zisizo na paa, mihrabu, na makaburi mengi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu ambazo karibu zote zimeanguka. Katika nguzo hizo kulipachikwa bakuli za kauri zilizokuja na majahazi kutoka nchi za mbali. Bakuli zimeondoka, vishimo vyake vipo.

Tulilipa kiingilio, tukatembea. Tulisimama mbele ya mihrabu ile tukawaza ni maimamu wangapi waliokaa hapo, na kwa hakika walikuwa na kamati yao, na mivutano yao kuhusu fedha za mafuta ya taa. Qur'ani imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia, nasi tulihisi tunaitekeleza amri. Kisha tukawasimamisha watoto kwa safu mbele ya makaburi, tukawafundisha kuwasalimia wenyewe kama Sunna inavyoelekeza, na kuwaombea. Wakasalimia kwa sauti nzuri.

Binti yetu wa darasa la nne akauliza, "Baba, hawa tunawajua?"

"Hatuwajui. Lakini ni ndugu zetu katika Uislamu."

"Na wale wa bibi tunaowajua, wako wapi?"

Mama alikuwa ameketi kivulini. Alinyoosha mkono kuelekea kusini, iendako barabara. "Ng'ambo ya mto," alisema. "Bweni. Babu yako yuko hapo."

Hapa inatulazimu tuwaeleze wasomaji tulichokuwa tumekificha chini ya ratiba. Mama ana ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wake, mjomba wetu. Miaka 11 iliyopita baba yao alifariki akaacha shamba la minazi. Sharia iko wazi: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, hivyo theluthi ya shamba ilikuwa ya mama. Mjomba aliuza sehemu kubwa ya shamba bila kumshauri na hakumpa kitu. Sisi wakati huo tulikuwa ndio kwanza tumehitimu chuo cha dini, vitabu bado vya moto mikononi. Tukamwandikia barua. Tulimpangia hesabu ya mirathi, tukamkumbusha adhabu ya mwenye kula haki ya mwenziwe, tukatia sahihi. Nakala yake tunayo katika jalada hadi leo, na hatuoni kosa la kifiqhi ndani yake. Hakujibu. Baada ya miaka miwili tukasikia mkewe amefariki. Miguu ya mama ilikuwa inamsumbua, nasi tukapata udhuru wa kikao. Tulituma rambirambi kwa simu.

Kwa hiyo pale Tongoni tulikuwa tumewatolea salamu maiti wa miaka mia sita tusiowajua hata majina, na kwa mjomba wetu aliye hai, umbali usiofika mwendo wa saa mbili, tulikusudia kupita bila kushuka garini. Hakuna aliyelisema hilo. Mama watoto alitutazama tu, akawafungulia watoto mlango.

Pangani mjini tuliwaonyesha watoto majumba ya kale, tukawasimulia habari za Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani tangu 1888 hadi walipomnyonga mjini humo Desemba 1889. Tukiri kwamba tulisimulia kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Tulikuwa tunachelewesha kivuko.

Mto ni mpana pale, na maji yana rangi ya udongo. Mama alisimama ukingoni mwa kivuko njia nzima. Bweni alituongoza mwenyewe, pinda huku, pinda kule, bila kukosea, mpaka kwenye nyumba ya makuti yenye mwembe mbele. Mjomba alikuwa amekaa barazani akichambua dagaa. Amezeeka kuliko tulivyomkumbuka. Aliinuka, akamtazama mama kwa muda.

"Shikamoo, dada."

Marahaba ya mama ilichelewa, lakini ilikuja.

Baada ya chai, tulianza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Mjomba akatukatiza kwa upole. "Barua yenu ilikuwa ya kweli, mwanangu. Ile hesabu sina ubishi nayo. Mama yenu mdogo alikuwa amelazwa Tanga, nikauza ili nimtibie, na nikaona haya kusema. Ilipokuja barua nilitafuta ndani yake mstari mmoja wa kuniuliza hali, nikaupata wa salamu, wa hali sikuuona."

Hatukuwa na jibu. Kisheria, dhiki ya mtu haifuti haki ya mwenziwe, na mjomba mwenyewe alilisema hilo kabla yetu. Akasema iliyobaki minazi ataigawa, na kilichouzwa atakilipa kidogo kidogo. Sote tukamgeukia mama, mwenye haki.

"Haki yangu iache kwanza," alisema mama. "Nionyeshe kaburi la wifi yangu."

Wakaondoka wawili, yeye na mdogo wake, wakifuata kijia cha mchanga kati ya minazi. Sisi tulibaki na watoto.

Kaole hatukufika. Siku zilizobaki zote tulilala Bweni, watoto wakijifunza kuparua samaki na kumwita babu mtu ambaye wiki moja kabla hawakujua kama yupo. Asubuhi ya kuondoka, mama aliagiza kalamu na karatasi. Hakusamehe deni, wala hakulidai siku ile. Alitaka liandikwe, kama Qur'ani inavyoamrisha katika aya yake ndefu kuliko zote. Tuliandika sisi, mbele ya imamu wa pale na jirani mmoja wakiwa mashahidi. Mjomba aliisoma mara mbili, akatia sahihi. Tulipofika Sakina tulimwandikia barua nyingine, fupi, isiyo na hesabu yoyote: tulimwuliza hali, na mwembe wake, na kifua kilichokuwa kinambana usiku.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muunga udugu hasa si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale alipokatwa. Tumelifundisha jambo hilo madrasa kwa miaka, na tumelisoma mimbarini kila tulipomshikia khatibu nafasi. Ilitubidi tuendeshe gari zaidi ya kilomita 400 ili tulisikie.

Ndugu wasomaji, likizo nyingine inakaribia. Tunawanasihi mzitoe familia zenu, kila mmoja kwa uwezo wake, japo kwa basi, japo kwa siku moja. Nchi yetu ina mengi ya kutazamwa, na mengi yake yalijengwa na mikono ya Waislamu waliotutangulia. Lakini mkishaandika ratiba, mpeni mzazi wenu aisome. Akiuliza swali moja tu kisha akanyamaza, msiikunje karatasi haraka.

Tunamwomba Allah azitie baraka safari zetu, awarehemu wa Tongoni na wa Bweni, na ateremshe katika nyumba zetu ile sakina ambayo mtaa wetu umebahatika kuitwa kwa jina lake. Aamin.