Rada Katika Mashua ya Matanga

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi huko Pangani, na tangu utoto wangu nilimwona akisafiri usiku bila kitu cha kumwongoza ila macho yake, dira moja kuukuu, na baharia aliyekaa omo akitazama mbele. Kwetu hakuna ukungu wa kuogofya watu. Iko mvua ya masika, nayo hupita. Kwa hiyo nilipokwenda Uingereza kufanya kazi ya umeme katika karakana ya mashua karibu na Southampton, sikujua bado maana ya kupofuka baharini.

Mwaka 1998 mzee mmoja, mwalimu aliyekuwa amestaafu, alituletea mashua yake ya matanga, ya mbao, yenye urefu wa futi 30, akataka itiwe rada. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Labda wengine wenu hamjapata kuiona rada. Basi, mtu akisimama mbele ya jabali na kupiga kelele, sauti yake hugonga jabali na kumrudia. Naye akijua mwendo wa sauti na muda uliopita, atajua jabali li mbali kadiri gani. Rada hufanya vivyo hivyo, walakini haipigi kelele; hutuma mawimbi ya redio, ambayo mwendo wake ni kama kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kitu kilicho umbali wa maili moja ya bahari hurudisha mwangwi wake upesi hata ukiigawanya sekunde moja mafungu milioni, muda wenyewe ni mafungu 12 tu. Mashine huuhesabu muda huo, na kila kitu kilichorudisha mwangwi huonekana kama doa juu ya kioo. Katikati ya kioo ndipo ulipo wewe mwenyewe.

Jambo hili si jipya kama watu wadhanivyo. Mjerumani Christian Hülsmeyer alikionyesha chombo cha namna hiyo huko Köln mwaka 1904, kikatambua marikebu katika mto Rhine. Hakupata watu wa kukinunua. Mwaka 1935 Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins waliitambua ndege angani karibu na Daventry kwa mawimbi ya redio, na tangu hapo mambo yakaenda mbio.

Mzee na mimi tulishindana kwanza juu ya mahali pa kuiweka. Yeye alitaka iwe juu katika mlingoti, kwa sababu aliye juu huona mbali. Na kweli, kutoka kimo cha meta 9 rada huona upeo wa bahari kiasi cha maili 6 na nusu, lakini kutoka meta 3 hupata maili 4 kasoro kidogo. Nikamjibu kwamba marikebu nazo ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo huonekana kabla hazijafika upeo ule. Tena kifuniko chenye antena kina uzito kama wa kilo 7, na uzito huo ukiwa juu, mashua ndogo huyumba zaidi. Na tanga la mbele litakikwaruza kila tugeuzapo. Kisha iko shida nyingine, ya kulala kwa mashua. Miali ya rada hii ilikuwa imetanuka nyuzi 25 tu toka juu hata chini. Chombo kikilala kwa upepo nyuzi 20, rada huangalia mawingu upande mmoja na maji upande wa pili. Hilo halina dawa kamili popote uiwekapo, ila kupunguza matanga.

Mwisho akakubali. Nikasimamisha nguzo ya chuma penye tezi, ndefu kupita vichwa vya watu, ili miali isiwapige machoni. Nikapitisha waya ndani ya nguzo, nikauacha upinde kidogo chini kabla ya kuingia chumbani, ili maji ya mvua yadondoke pale yasifuate waya mpaka kwenye mashine. Kazi hiyo ya waya ilinichukua siku mbili, nami hata leo naionea fahari.

Ikabaki kazi moja ndogo. Kifuniko kile kina alama, nayo sharti ielekee omo barabara. Huitegemei kwa macho tu. Huna budi kutoka na mashua, uelekeze omo kwenye boya lililo mbali, utazame kama doa la boya limekaa juu ya mstari wa omo katika kioo. Jioni ile giza lilikuwa linaingia, nami nilikuwa na njaa. Nikakaza parafujo kwa kukisia.

Asubuhi yake mzee aliniuliza, "Umekwisha pima na boya?"

Nikamwambia, "Nimekwisha, Bwana."

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka pamoja kwenda Cherbourg katika nchi ya Ufaransa, safari ya maili sitini na zaidi. Katika bahari ile marikebu ziendazo magharibi hupita upande wa Uingereza, na ziendazo mashariki hupita upande wa Ufaransa, moja nyuma ya moja kama siafu. Saa sita mchana, tulipokwisha kupita katikati, upepo ukafa na ukungu ukatushukia. Ncha ya mlingoti wetu hatukuiona. Tukashusha matanga, tukawasha mashine, na kila baada ya dakika mbili tukapiga honi mlio mmoja mrefu. Mzee akashika usukani, mimi nikakaa penye kioo.

Nikasema, "Iko meli kulia, maili 4, nyuzi 79 toka omo. Iko karibu ubavuni petu kabisa. Itapita nyuma."

"Nani amekuambia itapita nyuma? Iandike."

Nikaiandika. Baada ya dakika tatu nikatazama tena: nyuzi 79, maili 3 na kidogo. Baada ya dakika tatu nyingine: nyuzi 79, maili 2 na nusu. Doa lilikuwa linateremka katika mstari mmoja kuja katikati ya kioo. Ndipo honi yake ikasikika. Mzee akageuza kichwa, akasema, "Sauti yatoka mbele zaidi kuliko unavyosema."

Sikujibu. Kweli ukungu huichezea sauti, nikataka aamini hivyo.

Akasema, "Haidhuru. Pembe haibadiliki na umbali unapungua. Tunakwenda kukutana." Akausukuma usukani, mashua ikageuka kulia kwa nguvu. Tukangoja. Tulisikia mashine zake kabla ya honi ya pili, mlio wa chini sana uliotetemesha mbao tulizokanyaga, kisha harufu ya moshi, kisha wimbi lake likatutupa huku na huku hata vikombe vikaanguka. Ikapita kushoto kwetu. Hatukuiona hata kidogo.

Usiku, tulipokwisha funga Cherbourg, mzee alipika chai akanisimulia habari za meli Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Uswidi, zilizogongana penye ukungu karibu na Nantucket, Marekani, tarehe 25 Julai 1956, wakafa watu 51. Meli zote mbili zilikuwa na rada, nazo zilikuwa zimekwisha onana katika vioo kabla ya kugongana. Chai yangu ikapoa mkononi.

Nikamwambia, "Bwana, sikupima na boya. Nilikudanganya."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kesho asubuhi," akaenda kulala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Tukatoka bandarini, akaelekeza omo kwenye ngome ya mawe iliyo mwisho wa ule ukuta mrefu. Doa la ngome lilikaa nyuzi 7 kulia kwa mstari. Akanipa spana bila neno. Nikapanda katika nguzo nikalegeza parafujo, naye, mkono mmoja katika usukani na macho katika kioo, akawa ananiita kutoka chini: "Bado. Bado kidogo. Rudisha. Hapo."