Kufundisha Komunyo Wagenia

Kazi ya ukatekista imenifanya niishi na swali moja: inakuwaje Mkristo anayepokea Komunyo kila Dominika aipokee huku moyo wake umelala? Jibu ninalolisikia zaidi hapa Wagenia, kando ya maporomoko ya Boyoma, ni kwamba kupokea mara nyingi kumeondoa heshima, na kwamba tungepokea mara chache tungepokea vizuri. Silikubali. Kanisa lilikwisha kuipita njia hiyo. Watu walikaa mbali na meza ya Bwana kiasi kwamba mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano ulilazimika kuwaamuru wapokee angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Uchache ulizaa woga, na woga ukazaa uzembe. Agizo lililotolewa Desemba 1905, enzi za Papa Pio X, lilifungua mlango wa Komunyo ya mara kwa mara, hata ya kila siku, kwa masharti mawili: hali ya neema na nia njema. Tena lilisema wazi kwamba anayesukumwa na mazoea, au kujionyesha, au macho ya watu, hana nia hiyo. Kwa hiyo walioruhusu wingi ndio hao hao waliokataza mazoea matupu. Hawakuona mgongano wowote kati ya hayo mawili, nami siuoni.

Ushahidi wa karibu zaidi uko mtoni. Mvuvi wa Wagenia hurudia kazi ile ile aliyoachiwa na wazee: miti mikubwa iliyosimikwa kati ya miamba, kamba za porini, migono mipana iliyosukwa na kuelekezwa kwenye mkondo mkali. Kurudia hakumpumbazi, kwa sababu anajua kwamba kutega ni kwake lakini samaki huletwa na maji, na kwamba hakuna aliyewahi kusimamisha miti ile peke yake. Anayejua hivyo huweza kurudi mahali pale pale kila siku akiwa macho. Anayeisogelea altare kana kwamba anadai chake, huyo hata akija mara moja kwa mwaka atakuwa amekuja kwa mazoea.

Katika mafundisho napenda kuanza na historia ya jimbo letu, kwa kuwa shukrani inahitaji kumbukumbu. Padri Gabriel Grison, wa shirika la Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli mwaka 1897. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, mapadri na watawa wengi wa upande wetu huu waliuawa. Askofu Joseph Wittebols aliuawa Wamba, naye Sista Anuarite aliuawa Isiro. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu wa Kisangani, na raia wengi wakafa. Siku iliyofuata ilikuwa Pentekoste. Vijana ninaowafundisha walizaliwa baada ya hapo, na si kosa lao kuiona misa kama kitu kilichopo tu, kama mvua. Ni wajibu wetu kuwaambia kwamba kuna watu waliokufa wakiihudumia meza hii.

Wapo wanaopinga kwa uchungu, na wana haki ya kusikilizwa: mama ambaye nyumba yake haina chakula, ashukuru kwa lipi? Simwambii kwamba taabu yake ni zawadi. Huo ungekuwa uongo. Namwonyesha kwamba Yesu alishukuru juu ya mkate usiku ule ule aliosalitiwa, kabla ya kuokolewa na lolote. Aliyetangulia kushukuru hivyo hamdai mtu furaha. Na asiyehisi chochote? Aje pia. Hisia huja na kuondoka, lakini nia mtu huweza kuichagua. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, inasaidia sana hapa: toba na amani vimewekwa baada ya neno la Mungu na kabla ya vipaji kupelekwa altareni. Mtu husikiliza kwanza, hupatana na jirani, ndipo anapoleta alichonacho. Mwili na miguu hufundishwa utaratibu wa shukrani hata siku ambayo moyo umechoka.

Kuna pia ile saa moja ya kufunga kabla ya kupokea. Papa Paulo VI aliifupisha mpaka hapo Novemba 1964, mwezi ule ule damu ilipokuwa ikimwagika katika mji huu. Wengi huihesabu kama muda wa kutokula tu. Mimi nawaomba wanafunzi waitumie kutaja, kwa jina, mtu mmoja aliyewafikisha katika imani: bibi, jirani, padri aliyezikwa mbali na kwao. Wengi hukuta kwamba saa haitoshi.