Tangi Halimwagwi Kama Togwa

Togwa ya bibi ikiharibika, alijua kwa kunusa tu. Aliimwaga, akasugua chungu, akaanza upya. Hasara yake ilikuwa unga, kimea na siku mbili.

Penisilini nayo huchachushwa. Kuvu hulishwa sukari ndani ya tangi, nayo hutoa dawa. Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilifungua kiwanda Brooklyn, kwenye jengo lililokuwa la barafu: matangi 14, kila moja la lita 28,000 hivi. Kwa ukubwa huo, pua ya bibi haifui dafu.

Kuvu hii inataka oksijeni, na oksijeni huyeyuka kwa shida majini. Basi unapuliza hewa na kukoroga kwa nguvu. Ukikoroga, joto linapanda na povu linafura. Ukitia mafuta kulituliza povu, yakizidi yanapunguza hewa inayoingia majini. Umerudi palepale. Sukari nayo ni ya kudondosha. Ukiimimina kwa mkupuo, kuvu inanenepa tu na dawa haitoki. Wakipenya bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja penisilini, wanazaana, na dawa inaliwa humohumo tangini.

Ndiyo maana fundi haangalii kipimo kimoja. Anasoma oksijeni, joto na uchachu kwa pamoja, kisha anagusa kidogo, anasubiri, anagusa tena. Kila tiba ya tangi ina madhara yake, na mwenye papara huharibu zaidi ya povu lenyewe.

Sisomi haya kwa kujifurahisha tu. Mdogo wangu ana valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na kila wiki nne anachomwa sindano ya benzathini penisilini. Kuna mwezi niliambiwa dirishani, "Dada, imeisha. Jaribu wiki ijayo." Wiki ijayo! Wanaotengeneza malighafi ya sindano hii duniani ni wachache mno. Mmoja akikwama, foleni inafika mpaka kwetu.

Tuliipata siku ya sita, duka la nne. Mdogo wangu analalamika siku zote kwamba sindano ile inauma. Siku hiyo alikaa kimya, akakunja suruali, akageukia ukutani.