Pete Tatu au Beti Tatu

Mwalimu hakunikabidhi kitabu siku niliyoanza kazi. Alinikabidhi sindano, uzi na kipande cha bafta, akaniambia nishone mito. Siku tatu nzima nilikaa nyumbani kwake mtaani Mkomani, Lamu, kwenye kile kiwanja cha ndani kilicho wazi juu, ambacho wenyeji hukiita kiwanda. Nilishona vifuko vidogo na kuvijaza sufi. Kitabu cha zamani, alinieleza, hakifunguliwi kikalazwa chali juu ya meza. Jalada hili liegemee mto huku, lile liegemee mto kule, mgongo wake usikatike.

Ilikuwa 2003, miaka miwili baada ya mji wa kale wa Lamu kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Nilikuwa nimetoka Mombasa, kijana mwenye hamu kubwa ya kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu alikuwa na vitabu vya babu zake kwenye zidaka za ukutani na kwenye kasha moja la mti. Hewa ya bahari ilikuwa imevilegeza, na nondo walikuwa wametoboa njia zao kutoka jalada hadi jalada. Tundu la ukurasa wa kwanza ulilikuta tena ukurasa wa thelathini, pale pale, limekula herufi nyingine.

Tulifanya kazi asubuhi, kabla jua halijafika katikati ya kiwanda. Kalamu ya wino haikuruhusiwa kukaribia. Tuliandika kwa penseli tu. Nilipangusa vumbi kwa brashi laini, nikahesabu kurasa, nikapima urefu na upana, kisha nikaunyanyua ukurasa mmoja dhidi ya mwanga. Mara ya kwanza nilipoona miezi mitatu michanga imejificha ndani ya karatasi, mmoja mkubwa, wa pili mdogo, wa tatu mdogo zaidi, nilinyamaza. Ni alama ya watengeneza karatasi wa Italia, waliyoitia kwenye karatasi walizowauzia watu wa nchi za Kiislamu. Karatasi ile ilikuwa imepita bahari ngapi mpaka ikafika kwa mwandishi wa Lamu aliyechonga kalamu ya tete na kuketi juu ya mkeka!

Usomaji wenyewe ulikuwa na ugumu wake. Waandishi wengi wa zamani waliitumia ba moja kwa b, kwa p na kwa mb. Fa ilisimama kwa f na v. Ya ilibeba i na e, waw ikabeba u na o. Waliweka irabu katika tenzi, lakini pembeni mwa kitabu, mtu alipoandika haraka kwamba mtoto fulani amezaliwa au deni fulani limelipwa, irabu mara nyingi ziliachwa. Yeye alijua alichokisema. Msomaji wake naye alikijua, kwa sababu waliishi mtaa mmoja.

Nilizipenda hizo kumbukumbu za pembeni kuliko maandishi makuu. Kitabu cha fiqihi unaweza kukikuta Zanzibar, Brava au Hadhramaut. Lakini ile mistari minne ya mwisho, yenye jina la mama, idadi ya vikuku na mwaka wa hijria, haiko popote pengine duniani.

Kuwaonyesha watu vitabu vile halikuwa jambo jepesi. Jamaa za Mwalimu walikuwa na uchungu wa haki. Kila nyumba ina habari ya mgeni aliyeazima kitabu kwa wiki moja na hakurudi tena. Na hata vile vilivyoondoka kwa heshima vimeondoka. Muhamadi Kijuma, mwandishi na mchongaji mkubwa wa mji huu, aliyefariki 1945, aliwanakilia Wazungu tenzi nyingi, na leo anayetaka kuuona mwandiko wake atauona kwenye maktaba za London na Ujerumani kwa urahisi zaidi kuliko Lamu. Kaka yake Mwalimu alisema waziwazi: tukifungua mlango, hatutaufunga tena.

Mwalimu hakubishana naye. Alileta kitabu kimoja, akaufungua ukurasa wa kwanza, akamsomea maneno ya aliyekitoa: kitabu hiki ni wakfu kwa wanaosoma, hakiuzwi wala hakirithiwi. Akakifunga. Mashauri yakaendelea siku kadhaa, lakini nadhani yaliishia pale.

Tukachagua kuvionyesha mwezi wa Mfungo Sita, ambao kwa Maulidi ya Riyadha Lamu hujaa wageni kutoka pwani nzima. Tulipanga kurasa kumi na mbili chini ya kioo, na kando ya kila moja nikaweka kadi yenye maelezo kwa herufi za Kilatini. Kadi hizo nilizipiga chapa mwenyewe, na nilijivunia usafi wake. Baada ya sala ya isha watu wakaja, wanaume wakakaa upande wa daka, yaani mlangoni, wanawake wakajaa msanani, ukumbi wa ndani, nami nikaanza kusoma kwa sauti.

Kwenye ukurasa wa saba kulikuwa na orodha ya vitu ambavyo mama mmoja alimwachia binti yake, mwaka 1287 wa hijria, yaani 1870 au mwanzo wa 1871. Mkufu. Vikuku. Kisha neno moja dogo, likifuatwa na tatu. Halafu msahafu, na kitabu cha maulidi. Neno lile lilikuwa meno mawili na mkono: nukta moja chini, nukta mbili chini, nukta mbili juu. Ba, ya, ta. Kadi yangu ilisema "pete tatu", nami nikasoma pete tatu.

"Ngoja, mwanangu," akasema bibi mmoja kutoka msanani. "Umesema pete?"

"Naam, Bi. Pete tatu."

"Nani aliyekwambia?"

"Imeandikwa, Bi."

"Hebu taja herufi."

Nikazitaja. Ukapita ukimya mfupi, kisha akasema, "Hiyo ni beti."

Yeye alikuwa wa ukoo ule ule. Nyanya yake, alisema, alikuwa na beti tatu alizowaimbia wasichana wa nyumba yao wiki ya kuolewa, na kila mara aliziita urithi. Pete hawakupata kuziona wala kuzisikia. Mzee mmoja upande wa daka akapinga kwa adabu: mstari wa juu una mkufu na vikuku, basi kinachofuata ni pete. Bibi akamjibu kwamba mstari wa chini una msahafu na maulidi, basi kinachotangulia ni maneno. Mwingine akakumbusha kwamba Mwana Kupona aliutunga utenzi wake 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kwa nini mama wa visiwa hivi asimwachie mwanawe beti? Mjadala ukawaka mpaka kahawa ikapoa. Watu waliokuwa wamepita mbele ya vioo kimya kimya, mikono nyuma, sasa walikuwa wameinama juu ya nukta tano.

Mimi nilisimama na kadi yangu. Wiki nzima nililitazama neno lile, na wazo la beti halikunijia hata mara moja. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kadi ile haikuacha nafasi ya swali. Ningeipiga chapa katika jarida, na kila atakayekuja angeandika pete tatu, akinitaja mimi.

Miaka iliyofuata miswada ya Msikiti wa Riyadha yenyewe ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na sasa mtu aliyeko Muscat au Toronto anaweza kuifungua kwenye intaneti. Nashukuru kwa hilo kutoka moyoni. Nondo hali picha. Lakini kila niitazamapo kurasa zile kwenye kioo cha kompyuta, husikiliza kama kuna mtu msanani.

Usiku ule ule nilitengeneza kadi mpya kwa mkono. Niliandika herufi tatu peke yake, kubwa, bila irabu, na chini yake: pete, au beti. Asubuhi watoto walipita wakitoka chuoni, mifuko ya misahafu vifuani. Mmoja, hakuzidi miaka minane, alisimama, akaweka kidole kwenye kioo na kusoma kama alivyofundishwa.

"Baytun," alisema. Nyumba.

Mwalimu, aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi yake, akaniita nilete penseli.