Monterey, Ambako Gari Kuukuu Hulishinda Jipya

Waswahili walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huu, mpenzi msomaji, una ukweli wake hapa kwetu, ambapo gari likishazeeka huanza kuchekwa na majirani, na mwisho wake ni kukatwakatwa na kuuzwa kwa kilo. Lakini iko rasi moja katika jimbo la California, Marekani, ambako kila mwezi wa Agosti msemo huo hugeuzwa kichwa chini, miguu juu. Huko, gari la mbio lililoundwa kabla ya wazazi wako kuoana laweza kuuzwa kwa kitita ambacho tajiri wa kawaida hathubutu kukiota.

Rasi hiyo ni Monterey. Ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa San Francisco, itakubidi uelekee kusini kwa kilomita 170 au zaidi. Njiani utayapita mashamba makubwa ya stroberi na mboga, na hatimaye utaiona bahari ya Pasifiki. Usidanganywe na neno California ukaja na nguo nyepesi. Asubuhi za Agosti pwani hii hufunikwa na ukungu mzito, na baridi yake itakukumbusha Limuru mwezi wa Julai.

Mji wenyewe si mkubwa. Kando ya maji kuna mtaa wa Cannery Row, uliokuwa na viwanda vya kutia samaki mikebeni, na ambao mwandishi John Steinbeck, mzaliwa wa mji jirani wa Salinas, aliutungia riwaya mwaka 1945. Samaki walipopungua viwanda vilifungwa, na leo mtaa huo huishi kwa kuwahudumia watalii. Ukisonga mbele kidogo utafika Pebble Beach, kwenye misitu ya misonobari na viwanja vya gofu vinavyopakana na mawimbi.

Ni hapo Pebble Beach palipoanzia hadithi yetu. Mwaka 1950, mashindano ya magari yalifanywa kwenye barabara za msituni, na sambamba nayo yakaandaliwa maonyesho ya magari ya kupendeza. Mbio hizo zilikuwa za hatari, kwani miti ilisimama hatua chache tu kutoka barabarani. Mwaka 1956 dereva Ernie McAfee aligonga mti akafa, na huo ukawa mwisho wa mbio za msituni. Mwaka uliofuata ulifunguliwa uwanja maalum wa mbio wa Laguna Seca, usio mbali na hapo. Maonyesho yalibaki Pebble Beach, na hadi leo hufanywa siku ya Jumapili kwenye nyasi za uwanja wa gofu. Mwenye kurauka alfajiri huyaona magari yakitokeza mmoja mmoja gizani, taa zao hafifu zikipenya ukungu.

Hata hivyo, kinachozungumzwa zaidi katika hoteli na mikahawa ya rasi hii si maonyesho, bali ni mnada. Kwetu sisi neno mnada huwatia watu baridi. Dalali akionekana langoni kwa mtu, jirani hujua kuwa deni limefika shingoni. Huko Monterey mnada ni sherehe. Kampuni kadhaa za udalali, miongoni mwao RM Sotheby's, Gooding, Bonhams na Mecum, zimezoea kupiga kambi rasini humo juma hilohilo. Wanunuzi huketi wakiwa na vibao vyenye nambari, wengine wakiwa kwenye simu kutoka pembe nyingine za dunia. Gari huletwa mbele chini ya taa kali, dalali hutaja bei, na vibao huanza kuinuka.

Chukua mfano wa Agosti 2018. Gari lililoletwa lilikuwa Ferrari 250 GTO la mwaka 1962. Magari ya aina hiyo yaliundwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na wakati huo moja liliuzwa Marekani kwa takriban dola 18,000. Usiku ule nyundo iligonga kwa dola milioni 44. Lakini hizo sizo pesa zote alizotoa mnunuzi. Kampuni ya mnada ilimtoza ada yake, asilimia 12 ya dola 250,000 za kwanza na asilimia 10 ya zilizosalia. Piga hesabu mwenyewe, mwanafunzi, na utapata kuwa ada peke yake ilikuwa dola 4,405,000, na jumla ni dola 48,405,000. Kwa hivyo, unaposoma gazetini kwamba gari fulani limeuzwa kwa kiasi fulani, fahamu kwamba aghalabu ada imo ndani, na muuzaji hakuziona pesa zote hizo. Mara nyingi naye pia hukatwa chake.

Je, muuzaji hujikinga vipi asije akapoteza mali yake kwa bei ya kutupa? Kabla ya mnada yeye na kampuni hukubaliana bei ya chini kabisa, na bei hiyo huwa siri yao. Vibao visipoifikia, gari halitoki. Ndiyo sababu ukihudhuria mnada waweza kumsikia dalali akipandisha bei hali huoni mkono ulioinuliwa. Anaruhusiwa kutaja bei kwa niaba ya mwenye gari, mradi asiifikie ile bei ya siri. Akiifikia, lazima awepo mnunuzi wa kweli.

Kinga hiyo, hata hivyo, ina makali pande mbili. Gari likikosa kuuzwa mbele ya umati, hupata doa. Kila mnunuzi mkubwa duniani huwa ameshajua lilikataliwa wapi na kwa shilingi ngapi. Mwenyewe akitaka kulileta tena mwaka unaofuata, swali la kwanza huwa: lina kasoro gani?

Yaliyotokea Agosti 2019 hayasahauliki upesi. Gari lililokuwa likingojewa kwa hamu ni Type 64 la mwaka 1939, kazi ya Ferdinand Porsche, lililoundwa kwa ajili ya mbio za Berlin hadi Roma ambazo vita vilizizuia. Ilitarajiwa kwamba lingeuzwa kwa dola milioni 20 hivi. Dalali alianza. Kwa Kiingereza tarakimu 13 na 30 hukaribiana sana kimatamshi, na kwenye skrini kubwa ikaandikwa milioni 30. Kila alipopanda kwa milioni moja au nusu, skrini ilipanda kwa kumi au tano. Skrini ilipofika milioni 70 watu walikuwa wamesimama wakishangilia, simu zao zikipiga picha. Ndipo dalali akasahihisha: si 70, ni 17! Shangwe ikageuka kicheko na mizomeo. Hakuna aliyeinua kibao tena, na gari lilirudi lilikotoka bila kuuzwa. Kwa dakika chache watu waliamini jambo lisilokuwepo, na imani ilipovunjika, hata ile bei ya kweli haikupatikana.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii, msomaji. Kinachouzwa Monterey si chuma. Chuma cha Ferrari hakina tofauti kubwa na chuma cha lori. Kinachouzwa ni historia, na historia isipoaminika haina bei. Mafundi hodari wanaweza leo kuunda gari linalofanana na 250 GTO hata ukadhani ni pacha wake, lakini nakala hiyo haitapata hata chembe ya bei ya lile la asili. Ndiyo maana wanunuzi huinama chini ya boneti na tochi wakilinganisha nambari za injini na za chesi na zile zilizoandikwa kiwandani. Hutaka risiti za gereji, picha za mashindano, na majina ya wamiliki wote tangu wa kwanza. Kwa kweli mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia hiyo si lazima iwe ya furaha. Mwaka 2014, kampuni ya Bonhams iliuza 250 GTO jingine katika bonde la Carmel, karibu na Monterey, kwa dola 38,115,000 pamoja na ada. Gari hilo ndilo lililomuua Mfaransa Henri Oreiller, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, aliyepata ajali mashindanoni mwaka 1962. Lilitengenezwa, na mwaka 1965 likanunuliwa na Mwitaliano Fabrizio Violati, aliyekaa nalo hadi alipofariki mwaka 2010. Hakuna aliyejaribu kuificha ajali ile. Iliandikwa, ikasomwa, na bei ikapanda hivyohivyo. Anayeficha ndiye anayepoteza.

Usije ukadhani kuwa bei hizi hupanda tu kama moshi. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, watu waliyakimbilia magari yake kana kwamba hayataonekana tena, na wengine walikopa ili wanunue. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 soko lilikuwa limeporomoka, na waliokopa wakabaki na gari linalong'ara gerejini na deni lisilong'ara. Gari la kale halizai maziwa wala halileti kodi ya nyumba. Hula bima, matairi na mshahara wa fundi. Asiyelipenda kwa dhati hujuta siku soko linapolala.

Huenda unajiuliza haya yote yanatuhusu nini sisi tusio na Ferrari. Hebu ikumbuke Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Matope na vumbi la nchi hii vimo katika sifa za gari hilo. Liliuzwa Marekani kwa dola 3,500 hivi lilipotoka. Mnamo Januari 2020, moja la mwaka 1970 liliuzwa katika mnada wa mtandaoni huko Marekani kwa dola 310,000. Halikuwa limewahi kukimbia Safari. Sifa yake kuu ni kwamba lilikuwa limetembea kidogo, na lilikuwa bado karibu vilevile lilivyotoka kiwandani. Mwenye kukimbilia kulipiga rangi mpya na kulivalisha viti vya kisasa angelipunguzia thamani, akidhani analipamba.

Ukijaliwa kufika Monterey, jiandae. Tiketi ya maonyesho ya Pebble Beach hugharimu mamia ya dola, na hoteli hupandisha bei juma hilo bila haya. Lakini simama tu kando ya barabara za Carmel na Monterey na utayaona magari hayo yakipita bure, wenyewe wakipunga mikono. Na usipojaliwa, tunayo maonyesho yetu ya Concours d'Elegance katika uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970. Peleka watoto. Watakutana na wazee waliotunza magari yao kwa miongo mingi, na wazee hao hupenda kuulizwa maswali.

Na ukirudi kijijini likizo hii, ukalikuta gari la babu limeegemea mti, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, usiwe mwepesi wa kumwita muuza vyuma. Huenda halina thamani yoyote, na mengi hayana. Lakini kwanza mwulize babu alilinunua wapi, lini na kwa nani, na kama logibuku na risiti zipo. Andika anayosema, upige picha nambari za injini na chesi, kisha uviweke vyote mahali pamoja. Gari lenyewe laweza kusubiri mvua nyingine mbili au tatu. Babu, pamoja na anayoyakumbuka, hatusubiri milele.