Mpira Unaotoka Jasho

Nilikokulia, Buleusa katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini, mbao hazipasuliwi kiwandani. Mti wa libuyu huangushwa msituni, hupasuliwa papo hapo kwa msumeno wa mnyororo, na mbao hubebwa mabegani hadi barabarani. Jioni mpasuaji hukaa kwenye gogo, akausugua msumeno wake kwa brashi na kuunoa kwa tupa. Kwa hiyo likizo ya mwaka wa pili, nilipopata kibarua katika kiwanda kimoja cha mbao Mafinga, si mbali na Shamba la Miti Sao Hill, nilijiona mtu wa kazi hiyo tangu utotoni.

Msumeno niliopewa kuusafisha haukufanana na wa kwetu. Ulikuwa msumeno wa mkanda, ambao mafundi huuita bendsoo: mkanda wa chuma wenye meno, uliounganishwa ncha kwa ncha, unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Gogo halisukumwi na watu. Mikono ya chuma hulinyanyua, huligeuza na kulibana, ikiendeshwa na mafuta yanayosukumwa na pampu ndani ya mipira minene. Mkanda wenyewe hukazwa kwa nguvu ya mafuta hayohayo.

Kila Ijumaa jioni kazi ilikwenda kwa mpangilio mmoja. Kwanza umeme unakatwa na swichi inatiwa kufuli. Mikono ya chuma inashushwa hadi chini, kisha vishikio vinasogezwa huku na huku ili nguvu iliyobaki kwenye mipira iishe. Mkanda unalegezwa, maana ukilala umekazwa, chuma hujivuta kinapopoa na kinaweza kupata ufa. Ndipo unafagia vumbi la mbao na kukwangua utomvu wa mipaina ulioganda kwenye magurudumu. Mwisho unapangusa kizibo cha tangi kabla ya kukifungua, kwa sababu chembe chache za vumbi zikiingia kwenye mafuta zitakwaruza pampu kwa ndani.

Fundi aliyenifundisha, mzee wa makamo, hakutumia istilahi hata moja ya zile tunazojadili darasani. Siku moja alichungulia kioo cha tangi akasema, “Dogo, mafuta yakigeuka chai ya maziwa, niite.” Alimaanisha kwamba maji yameingia. Nilitabasamu, kwa kuwa nilikumbuka kwamba neno “haidroliki” lina asili ya Kigiriki, na kipande chake cha kwanza maana yake ni maji. Mashine imebeba maji katika jina lake, na maji ndiyo yanayoiharibu.

Ijumaa ya tatu, baada ya usafi, fundi aliwasha pampu ili tukague. Akaelekeza kidevu upande wa chini. “Ule mpira unatoka jasho.”

Nilisikia Kiswahili changu mwenyewe. Jasho hupanguswa. Nilichukua kitambaa nikanyoosha mkono.

“Acha!” Aliupiga mkono wangu kwa nguvu, nikaangusha kitambaa. “Shikamoo, Fundi,” nilisema, sijui kwa nini. Ndilo neno la heshima lililokuwa karibu na ulimi.

Hakucheka. Alizima pampu, akachukua kipande cha boksi, akakifunga kwenye ufito, akawasha tena. Alikipitisha polepole kando ya mpira, akiwa amesimama mbali. Juu ya boksi ukajichora mstari mwembamba wa mafuta. Tundu lenyewe halikuonekana kwa macho. Alinieleza kwamba mafuta yenye nguvu kiasi hicho hupenya ngozi kama sindano. Mtu huona alama ndogo tu, akaendelea na kazi, na baadaye anaweza kupoteza kidole au mkono. Kisha alizima, akatoa nguvu, tukabadilisha mpira.

Nilipokuwa nikikwangua utomvu pale mpira wa zamani ulipokuwa umefungwa, kilijitokeza kibandiko cha onyo: mchoro wa mkono uliochomwa na mchirizi, na maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeijua pale kiwandani. Kilikuwa kimefunikwa na uchafu kwa muda mrefu.

Siwalaumu mafundi kwa jasho na chai ya maziwa. Ni maneno yanayoonekana kwa macho, na kwao yanatosha. Lakini sitiari humlinda anayeijua tayari. Mgeni hufuata maana ya nyumbani, na mkono wake huifuata maana hiyo. Nadhani hapo ndipo istilahi zetu zinapopimwa: pampu inapowaka na mtu mpya anaposhika kitambaa.

Kabla sijaondoka, fundi aliniomba niandike kitu juu ya ubao, nikautundika karibu na swichi: “Mpira ukitoka jasho, usipanguse. Zima kwanza.” Neno lao nililiacha. Niliongeza tu la kufanya.