Vyuma Vilivyolala Shambani

Wako watu ambao wakiwa safarini macho yao huwa juu ya milima. Wengine hutazama ndege. Wengine hutazama ng'ombe za watu na kukisia bei zake. Mimi hutazama nyuma ya nyumba. Nikipita barabara ya kutoka Nakuru kwenda Njoro na Molo, au ile ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, siyatazami sana mahindi na ngano iliyo mbele, bali hutupa macho penye ua wa mikaratusi, kando ya ghala lililobomoka, au chini ya mti ambao hakuna anayejishughulisha kuupogoa. Huko ndiko zilikolala mashine za kale za kilimo.

Jicho hufundishika kama mkono. Kwa asili majani, mawe na matawi hayana mstari ulionyoka wala duara kamili. Basi ukiona duara katikati ya majani, hilo ni gurudumu. Ukiona meno yaliyopangwa sawasawa yakichungulia kichakani, hiyo ni haro au reki ya kukokotwa. Na ukiona sahani kubwa tatu zimepigana bega, zimeinama upande mmoja kana kwamba zinasikiliza jambo ardhini, hiyo ni plau ya sahani. Plau ya namna hiyo ilipendwa sana katika mashamba mapya, kwa sababu sahani hujiviringa na kulipanda jiwe au shina la mti, hali ulimi wa plau ya kawaida ungekwama au kuvunjika.

Trekta nayo hujulikana umri wake kwa miguu. Ikiwa magurudumu yake ni ya chuma kitupu, yenye makucha ya kushika udongo, hiyo ni ya zamani sana, kwa maana mipira ya hewa ilianza kuvishwa matrekta katika miaka ya 1930. Katika matrekta ya chuma iliyovuma zaidi ni Fordson, ambayo Henry Ford alianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1917. Ilikuwa rahisi kwa bei, lakini ilikuwa na tabia mbaya. Plau ikinasa kwenye kisiki na magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka, nguvu ya injini haikuwa na pa kwenda. Basi huinua pua ya trekta juu mpaka ikapinduka chali, na dereva yuko chini yake. Watu wengi waliuawa hivyo katika nchi mbalimbali.

Aliyeitafutia dawa tabia hiyo ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ambaye kabla ya kujishughulisha na plau alikuwa amekwisha kutengeneza eropleni yake mwenyewe na kuirusha mwaka 1909. Yeye hakuifunga plau nyuma kwa mnyororo au pingili kama mkokoteni, bali aliishikiza kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ikainuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa ndani ya bomba. Uzito wa plau na mvuto wa udongo ukawa unayakandamiza magurudumu badala ya kuipindua trekta. Kitrekta chake cha rangi ya kijivu, TE20, kilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, na jumla yake ilizidi 500,000. Leo takriban kila trekta inayolima duniani ina mikono mitatu ya Ferguson. Kwa hiyo nikiona gofu la trekta, hata kama rangi imekwisha na jina limeliwa na kutu, kwanza mimi hulizunguka nyuma nikaangalia kama mikono hiyo ipo.

Huenda msomaji akauliza, vyuma hivi vilifikaje hapa? Swali hilo halina jibu la kufurahisha moja kwa moja. Nyanda hizi zilikuwa malisho ya watu kabla hazijaitwa mashamba. Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa mapatano ya mwaka 1904, na tena wakaondolewa Laikipia kwa yale ya 1911. Na huko Uasin Gishu walowezi wa Kikaburu waliingia mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Reli haikufika Eldoret mpaka mwaka 1924. Kabla ya hapo kila kipande cha chuma kizito kilishushwa kwenye stesheni ya Londiani, kikapandishwa kwenye gari la ng'ombe, kikavutwa katika matope mpaka uwandani. Yule apitaye leo barabara hiyo kwa muda wa saa chache na afikiri ilikuwaje kulisukuma gurudumu la chuma katika tope la mwezi wa tano.

Wala hawakuwa walowezi peke yao waliosukuma. Kwa sheria ya mwaka 1918 Mwafrika aliyekaa na familia yake katika shamba la mlowezi alilazimika kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Ukisoma kibao cha shaba kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine utaliona jina la kiwanda, jina la mji na nambari. Hutaliona jina la aliyeitia mafuta alfajiri, wala la aliyetembea nyuma yake akiokota mawe, wala la aliyeshona magunia. Ndiyo sababu nikaanza tabia ya kuuliza. Palipo na chuma, mara nyingi pana mzee.

Mzee mmoja niliyemkuta karibu na Njoro aliniongoza mpaka kwenye trekta iliyokuwa imezama ardhini nusu ya gurudumu. Kuku walikuwa wametaga chini ya kiti. Hakuanza kwa habari za mzungu wala za mshahara. Alianza kwa kidole gumba.

"Mwanangu," aliniambia, "lete mkono. Ukishika hendeli ya kuwashia injini, hiki kidole usikizungushe. Kikae upande mmoja na wenzake. Injini ikirudisha teke, hendeli itateleza vidoleni iende zake. Ukiwa umezungusha gumba, itaondoka nalo."

Kisha akanionyesha mikono ya hewani jinsi ya kuvuta kwenda juu, wala si kusukuma kwenda chini. Alikuwa ameanza kazi kama utingo, akifungua na kufunga plau, mpaka siku dereva alipougua naye akaambiwa apande. Alilima kwa trekta hiyo miaka mingi. Nilipomwuliza kama aliipenda, alinyamaza kidogo, akasema kwamba trekta haikuwa na matusi. Neno hilo nililiandika kama alivyolitamka.

Kulikoni basi mashine zilizofanya kazi namna hiyo zikaachwa? Wepesi wa kusema husema kwamba watu wetu hawakujua kuzitunza. Mimi siamini hivyo, maana nimeona mafundi wa Eldoret na Nakuru wakizifufua mashine ambazo kiwanda chake kilikwisha kuzisahau, na mpaka leo wakati wa mavuno utazikuta kombaini kuukuu zikikodishwa shamba hadi shamba. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni ardhi yenyewe. Katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, mashamba makubwa yalinunuliwa yakagawanywa kwa familia zipatazo 35,000. Mengine yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi waliochanga fedha, nayo mengi ya hayo baadaye yaligawanywa pia. Watu walipata mashamba, na katika mengine walipata na vyuma vilivyokuwamo. Lakini kombaini iliyoumbwa kwenda mbele maili nzima bila kugeuka itafanya nini katika shamba la ekari saba, lenye ua pande zote nne na mbuzi aliyefungwa katikati? Haikuharibika kwanza, ilikosa nafasi kwanza. Kuharibika kukafuata, maana mashine isiyotembea huliwa kidogo kidogo: leo betri, kesho mshipi wa ngozi, kesho kutwa bati la ubavuni likaezeke banda la kuku.

Jambo hilo la mashine kutolingana na ardhi halikutokea kwetu tu. Kwa ukubwa wa hasara sijui mfano unaoupita ule wa Kongwa, katika nchi ya Wagogo, Tanzania ilipokuwa ingali Tanganyika. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza kazi ya kulima karanga katika Tanganyika. Mpango ulikuwa kufyeka zaidi ya ekari 3,000,000 kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Yalikusanywa matrekta ya kila namna, mengi yakiwa makuukuu yaliyobaki katika vita. Hata vifaru vya Sherman vilivuliwa silaha zake huko Uingereza vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ili kung'oa miti, minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili na kuburutwa porini. Pori likajibu. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, na mchanga uliomo hula chuma kama tupa. Ncha za plau zikalika, na mvua, ambayo Wagogo wangaliweza kueleza tabia yake bila malipo, haikuja kwa kiasi kilichoandikwa katika hesabu. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ipo hata leo; reli iliyotoka pwani kwenda Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960.

Hapa kwetu hatari ya sasa si kutu. Kutu ni mvivu. Hatari ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye halipi kwa umri wala kwa historia, ila kwa kilo. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kukatwa na wezi, na kwa muda huo mashine za kale zilipumua. Marufuku ilipoondolewa, malori yakarudi barabarani. Hii si biashara ya wezi peke yao. Mama mmoja karibu na Moi's Bridge alikuwa na mashine ya kupura nafaka, nzima kwa umbo, ya mbao na chuma, yenye magurudumu manne na gurudumu la mshipi ubavuni. Nilimsihi asiiuze. Alinisikiliza kwa adabu hata nikamaliza, kisha akasema:

"Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini mtoto anaingia kidato cha kwanza Jumatatu, na chuma hakiliwi."

Ningemjibu nini? Sikuwa na fedha za kuinunua, wala mahali pa kuiweka. Nilimwomba ruhusa ya kuipima kabla lori halijafika, naye akaniitia vijana wawili wakanishikia kamba. Tuliipata urefu, upana na kimo. Tukasugua kibao kwa majani ya msasa mpaka nambari ikasomeka. Na mama mwenyewe akanitajia majina ya wanaume watano wa kijiji, wote marehemu isipokuwa mmoja, waliokuwa wakiiendesha. Garimoshi za Kenya zilijengewa makumbusho yake Nairobi mwaka 1971, na kila anayependa anaweza kwenda kuzigusa. Mashine ya mama huyo ina kurasa mbili katika daftari langu, na ng'ambo ya barabara mtoto yule anakwenda shule. Nimeyaweka mawili hayo katika mizani mara nyingi, na bado hayajatulia.

Ikiwa kuna kijana asomaye haya ambaye angependa kutafuta vyuma katika kata yake, wakati unaofaa ni Januari hata mwanzo wa Machi, kabla ya mvua kubwa, majani yanapokuwa mafupi na makavu. Piga hodi kwanza; hakuna chuma kisicho na mwenyewe. Chukua kalamu, futi ya kupimia na kitambaa cha kufutia kibao. Nambari ya mashine iandike kabla ya jambo lolote jingine, kwa sababu ndiyo itoayo mwaka wake. Halafu uliza nani alikuwa dereva, na kama yu hai nenda kwake siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Bomba la moshi usilichungulie kwa jicho moja kama darubini, maana nyuki hulipenda, na chini ya sahani za plau piga kwa fimbo mara mbili tatu kabla ya kutia mkono.